Kwa mnaotaka kwenda Mafia kwa kindege: mambo ya kilo, siti, upepo na uwanja wa Kilindoni

Fundi Barafu

Wakuu, habari za majukumu.

Kila msimu wa papa potwe, yule papa mkubwa mpole watu wanaokwenda kuogelea naye, ukikaribia naona watu humu wanauliza habari za kisiwa cha Mafia, na majibu ni yale yale: kata tiketi, tafuta pa kulala Utende, basi. Kinachotokea kati ya geti la uwanja wa Dar na mchanga wa Kilindoni, mji wa kisiwani ambako ndege inatua, hakielezwi, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Mimi ni fundi wa majokofu. Kazi za vyumba vya barafu vya samaki zinanipeleka kule mara kwa mara, tena na spana na mitungi, kwa hiyo habari ya kilo naijua kwa uchungu. Namwaga ninachokijua, wajuzi wataongezea.

Kwanza pa kupandia. Vindege hivi vinaondokea Terminal One, lile jengo la zamani. Siyo Terminal Three. Ukimwambia dereva "nipeleke eapoti" akaishia hapo, atakushusha Three bila kukuuliza, na kutoka kule kurudi One na mabegi si kitu cha kufanya zikiwa zimebaki dakika ishirini. Mwambie tangu mnaanza safari.

Ndege yenyewe mara nyingi ni Cessna Caravan. Injini moja, propela moja puani, bawa liko juu ya madirisha, abiria kumi na wawili hivi. Ikishajaa watu, mizigo na mafuta, uzito wake wote haufiki tani nne. Fuso ya mchanga inabeba zaidi ya hapo. Ukishalielewa hilo, masharti yao yote yanaeleweka na huna haja ya kugombana na dada wa kaunta.

Kilo za mzigo ni 15 kwa kampuni nyingi, na mara nyingi hizo 15 ni pamoja na kile kibegi cha mkononi. Soma tiketi yako vizuri. Wengine watakuuliza na uzito wako mwenyewe, au watakuomba upande mzani. Jibu ukweli. Nimeshuhudia mama mmoja na heshima zake anapunguza kilo mbele za watu, na mumewe pembeni anatazama dari. Rubani hataki kilo zako za kwenye picha. Anazipigia hesabu pamoja na mafuta, na hesabu yenyewe ni mbili: jumla ya uzito, halafu uzito huo umekaa wapi, mbele au nyuma. Ya pili ndiyo watu hawaijui. Ndege inaweza kuwa haijazidi kilo hata moja na bado isifae kuruka, kwa sababu wazito wote wamerundikana mkiani.

Mkitaka kuamini, tazameni wakati wa kupakia. Chini ya mkia wanasimamisha mguu wa chuma, fimbo nene yenye kitako. Mlango wa abiria uko nyuma upande wa kulia, kwa hiyo wote mnaingilia nyuma kabla ya kusogea mbele, na watu watano wakisimama pale kwa pamoja mkia unaweza kukaa chini na pua ikanyanyuka. Ule mguu unazuia hilo. Wakishakaa wote, kijana anauchomoa, anaupandisha ndani, ndipo injini inawashwa. Siku ya kwanza kuuona nilisahau hata kuogopa, nikabaki namtazama yule kijana tu.

Kwa hiyo ukiambiwa "wewe kaa mbele, wewe nyuma", usione umeonewa. Siti hazina namba. Na ukibahatika, siti ya kulia kwa rubani huwa anapewa abiria. Ukiketi hapo, miguu iwe mbali na zile pedeli, na usiguse kitu hata kikikuwakia taa.

Begi liwe laini. Mizigo inaingia kwenye tumbo chini ya ndege, lina vimlango vifupi vya pembeni, na sanduku gumu la magurudumu linagoma kuingia hata kama lina kilo nane. Begi la turubai au la mgongoni linabanwa, linasukumwa, linakaa. Vifaa vyangu navitanguliza kwa boti kupitia Nyamisati, gati la upande wa bara, nami naruka na nguo tu.

Njiani ni dakika thelathini hadi arobaini. Ukienda, tafuta dirisha la kulia. Ukirudi, la kushoto. Upande huo kuna delta ya Rufiji. Kutoka juu unaona mto umegawanyika njia kadhaa ndani ya mikoko, maji ya rangi ya udongo yanasukuma baharini, halafu ghafla kama mtu kapiga mstari maji yanageuka kijani. Wale wanaosinzia njia hii siwaelewi.

Upepo sasa. Kaskazi kavu, Desemba mpaka Februari, ndege hutulia na ndio wakati papa potwe wapo wengi upande wa Kilindoni, ingawa wanaanza kuonekana Oktoba. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, ndipo ratiba zinayumba, na baadhi ya hoteli za Utende hufunga kabisa. Kusi ikivuma katikati ya mwaka, ndege inaruka lakini inakurusha rusha ikishuka. Rubani huruka kwa macho kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo wingu likikaa chini juu ya kisiwa atasubiri, au atageuza. Mtu asimtukane. Usipange kurudi kutoka Mafia siku ile ile unayoruka kwenda Dubai au Ulaya. Weka usiku mmoja Dar katikati. Najua hoteli ni hela, lakini tiketi ya kimataifa iliyokwishapita ni hela zaidi.

Ukifika, jengo ni dogo, mabegi yanakuja kwa mkokoteni, unaonyesha lako unapewa. Nje kuna bajaji na bodaboda, na Kilindoni mjini ni pua na mdomo. Wa Utende mna kilomita kama 15 za lami. Kabla ya kufika kuna geti la Hifadhi ya Bahari ambapo unalipa kiingilio, mtanzania na mgeni bei tofauti, kwa hiyo kitambulisho kisikae chini kabisa ya begi. Kwa fedha taslimu kuna NMB Kilindoni, lakini njoo nazo kiasi.

Karibuni kwa maswali. Picha nitaweka mtandao ukitulia.

Dada wa Temeke

Umeshusha madini mkuu. Uzi bila picha haujakamilika lakini leo nakusamehe.

Swali: mtoto wa mwaka mmoja anakaa wapi? Na kuna choo humo?

Fundi Barafu

Choo hakuna. Malizeni haja zote jengoni, wewe na dogo. Wa chini ya miaka miwili kwa kawaida anapakatwa, ila mtaje wakati wa kukata tiketi, maana naye ni kilo. Na masikio yake, mpe ziwa au chupa wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, kumeza kunasaidia. Kelele ya injini ni kubwa, lakini watoto wengi hulala nayo vizuri kuliko wakubwa.

Mbagala Rangi Tatu

Naheshimu uzi, ila tuseme ukweli, ndege ni ya watalii na wenye posho za safari. Sisi wengine tunapandia gari Mbagala, tunakata kushoto Bungu, tunashuka Nyamisati, tunapanda boti. Nauli yote na chai ndani yake haifikii hata robo ya tiketi yako. Na bahari nayo ina utalii wake.

Fundi Barafu

Sijapinga. Mizigo yangu inapita huko huko na wanaisafirisha vizuri. Ila mtu mwenye siku mbili za likizo, ukimpitisha Nyamisati kwenda na kurudi hatakuwa na Mafia ya kuiona. Ushauri wangu kwa mwenye nguvu: nenda kwa boti, rudi kwa ndege. Ukianza na ndege ukaja kumalizia na boti wakati wa kusi, umechoka na mwili unataka nyumbani, utailaani safari nzima.

Mbagala Rangi Tatu

Hapo kwenye kusi tumeelewana. Mwezi wa saba mimi mwenyewe huwa naahirisha.

Mjukuu wa Kilindoni

Asalam aleykum nyote. Mimi mzaliwa wa hapa, naomba nimjibu huyo ndugu wa Mbagala kidogo.

Ukisema ndege ni ya watalii unasahau wagonjwa. Hapa tuna hospitali ya wilaya, lakini mambo yakizidi unaandikiwa Muhimbili, na mama aliyepasuliwa huwezi kumpakia boti ukamvusha mlango wa bahari halafu umpandishe gari mpaka Dar. Familia inachanga, inauza minazi, inakata tiketi ya ndege. Kwetu ule uwanja ni mlango.

Na wasiojua, ile lami ni ya juzi tu. Zamani ilikuwa changarawe, masika ikinyesha mfululizo watu wanasikilizia kama ndege itatua au la. Lami ilikuja na fedha za Marekani za MCC, shirika la misaada la serikali yao, ule mkataba wa dola milioni 698 aliousaini Bush alipokuja Dar Februari 2008. Fedha nyingi zilikwenda kwenye barabara, umeme na maji bara, na kipande kimoja ndiyo uwanja wetu. Sasa tuna kilomita moja na nusu na zaidi kidogo ya lami, na ndege inatua mvua ikiwa imetoka kunyesha.

Jambo la adabu pia. Mji huu ni wa Kiislamu. Ukishuka na kaptula ya kuogelea utaona wazee wanageuza macho, hawatakwambia kitu ila wamekuona. Vaa kanga mpaka ufike hotelini, huko fanya utakavyo. Ramadhani ukitua mchana na njaa, usitegemee mama ntilie wa Kilindoni. Kula Dar.

Bwana Kumbukumbu

Mjukuu umenichokoza. Mnafikiri ndege Mafia zimeletwa na watalii wa Utende? Kisiwa hiki kilikuwa na uwanja wa ndege mwaka 1915.

Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji mwishoni mwa 1914. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini kwa sababu ya mikoko, na meli zao kubwa zisingepita kwenye kina kile. Wakamleta rubani wa kiraia, Dennis Cutler, na ndege ya maji, wakairushia kisiwa kidogo cha Niororo, hapo hapo jirani na Mafia. Ndiye aliyeiona. Kabla mwaka haujaisha ndege ikamtupa mtoni, Wajerumani wakamkamata.

Januari 1915 Waingereza wakaichukua Mafia yenyewe, wakafyeka kiwanja cha ndege za magurudumu. Zikaja meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey. Tarehe 6 Julai wakajaribu wakashindwa, tarehe 11 Julai wakarudi. Ndege iliyotoka Mafia ikazunguka juu ikiwatumia ishara za redio kwamba kombora limeanguka mbele, limezidi, sogeza kushoto. Ikapigwa injini, ikaangukia mtoni karibu na Mersey, na waliokuwamo wakaokolewa. Siku hiyo Königsberg ikaisha. Mizinga yake Wajerumani waliiopoa wakapigania vita nayo bara, na mmoja mpaka leo uko Fort Jesus, Mombasa.

Kwa hiyo ukikaa dirisha la kulia kama alivyosema Fundi, unatazama alichokuwa anakitafuta Cutler. Na mikoko bado inaficha vilevile.

Dada wa Temeke

Nimekaa miaka yote hii nikidhani Rufiji ni bwawa la umeme na mamba tu. Kumbe!

Mpiga Mbizi

Nimefanya kazi ya kuongoza wazamiaji Chole Bay, ghuba ya hapo Utende. Kuna kitu hamjakigusa na ndicho kinachoweza kumuumiza mtu kweli.

Ukizamia na mtungi, mwili unajaza naitrojeni kwenye damu na misuli. Ukipanda juu haraka, hewa ile inatoka kama mapovu. Watu wanaogopa ndege kubwa na kudharau Caravan kwa kuwa inaruka chini. Lakini Caravan haina kabini ya kubana hewa: ikiwa futi elfu tano, na wewe mwili wako uko futi elfu tano. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kwamba, kama umezamia zaidi ya mara moja au siku kadhaa mfululizo, usipande ndege kabla saa 18 hazijapita. Mbizi moja tu, subiri saa 12. Kwetu tuliwaambia wageni wasubiri saa 24 kamili, siku ya mwisho uende visiwa vya jirani, Chole kutazama popo au Juani kwenye magofu ya Kua, mtungi uache. Kwa papa potwe huogelei na mtungi, ni miwani na mrija tu, kwa hiyo huyo unaweza kumtazama asubuhi na ukaruka jioni bila wasiwasi.

Na mwachie nafasi, usimguse. Hana habari na wewe, anakula vidudu vya majini.

Lamu Kwetu

Salamu kutoka Lamu. Nawasoma natabasamu, maana nyinyi mwatua mkaingia kwenye bajaji. Sisi uwanja uko kisiwa cha pili, Manda. Ukishuka ndegeni, begi lapakiwa mkokoteni, walifuata kwa mguu mpaka gatini, halafu mwaingia mashuani mwavuka. Gari hakuna. Mgeni asiyejua huuliza teksi iko wapi, vijana wakamwonyesha bahari.

La kuongeza kwenu: angalieni maji. Kukiwa na bamvua na maji yametoka, ngazi za gati huwa ndefu na zina mwani, mzee akiteleza hapo ni balaa. Nadhani hata Utende mkivuka kwenda Chole ni vivyo hivyo.

Mjukuu wa Kilindoni

Ni vivyo hivyo, ndugu yangu. Maji yakipwa Utende boti inakaa mbali na unatembea majini na viatu mkononi. Anayetua saa za kupwa na hoteli yake iko Chole ajue atasubiri au atalowa. Ndege ina ratiba yake na bahari ina yake, hawajawahi kukaa kikao.

Mpwa wa Mjomba

Naogopa injini moja jamani. Ikizima je?

Fundi Barafu

Swali zuri na watu wanaliona aibu. Mimi si rubani, nakujibu kama mtu wa mashine. Ile ni injini ya tabo, PT6, haina pistoni zinazopanda na kushuka, vitu vinavyoweza kukatika ni vichache kuliko kwenye gari lako. Na ndege ikizimika haianguki kama jiwe, inateleza hewani na rubani anatafuta pa kuiweka. Ndiyo maana nakwambia sikiliza maelezo ya boya la kuokolea. Ukilivaa, usilipulize ukiwa bado ndani: ndege ikiingia maji utaelea hadi darini na mlango uko chini yako. Toka kwanza, vuta kamba baadaye. Watu huchezea simu wakati huo, na ni dakika moja tu ya maelezo.

Dada wa Temeke

Mkuu sasa umeniongezea hofu badala ya kuipunguza.

Fundi Barafu

Basi kaa dirisha la kulia, tazama Rufiji.

Mzee wa Mizigo

Kero yangu moja. Kuna kampuni, siitaji, waliniacha begi Dar bila kuniambia, nikatua Kilindoni nikasimama kama mlingoti. Wakasema limezidi uzito wa ndege, litakuja kesho. Kweli lilikuja kesho yake, lakini dawa zangu za presha zilikuwa humo.

Fundi Barafu

Pole mzee wangu, shikamoo. Hilo hutokea ndege ikijaa, kwa usalama ni bora liachwe begi kuliko wabebe tu, ila kutokwambia ni makosa yao. Kwa wote: dawa, chaja, miwani na nguo moja ya kubadilisha viwe kwenye kibegi unachopakata. Na kabla ya kupanda muulize yule kijana wa mkokoteni, "langu limeingia?" Asimame akuonyeshe.

Mpwa wa Mjomba

Mwisho kabisa, kurudi naweza kubeba pweza na makombe ya kupamba sebuleni?

Mpiga Mbizi

Makombe, matumbawe na gamba la kasa viache vilipo. Hifadhini ni marufuku, na ukikamatwa navyo uwanjani hutasaidiwa na mtu. Kasa analindwa na sheria popote Tanzania, siyo Mafia tu.

Fundi Barafu

Pweza ruksa, ila wa barafu ana mawili. Moja, anahesabiwa ndani ya kilo zako 15. Pili, akiyeyuka anavuja kwenye mabegi ya wenzako mle tumboni mwa ndege, kwa hiyo hawatampokea bila ndoo yenye mfuniko unaobana, uliopigwa gundi ya karatasi pande zote. Mgandishe usiku kucha, mchukue dakika ya mwisho. Usimtegemee mfuko wa plastiki, ulipigwa marufuku tangu Juni 2019 na ukaguzi wanautazama. Nafuu ni pweza mkavu kutoka sokoni Kilindoni, mwepesi na hamwagi maji. Ila mfunge kwenye magazeti mengi na umtenge na nguo, maana ile harufu haitoki kwa kufua mara moja.

Mbagala Rangi Tatu

Kwa boti unambeba hata pweza watano wabichi na hakuna anayekupima. Nimemaliza.